Kila Mlango na Kipande Chake

Mvua ikitaka kutunyeshea hapa Nyamitanga, mfereji hutangulia kunuka. Wingu bado liko mbali, jua bado linachoma mabati, lakini pua yangu imeshajua. Ni harufu ya tope lililolala siku mingi, maganda ya matoke yaliyooza, maji ya sabuni, na siku hizi pampasi za watoto, ambazo mama zao wanazitupa humo kama vile zina miguu ya kutembea mpaka mtoni. Harufu hiyo ikinifikia, sikimbilii kuanua nguo. Natazama sakafu yangu kwanza. Tabia hiyo niliachiwa na mama.

Mimi Esta sikusoma mingi. Nilifika darasa ambalo mtoto anajua kuandika jina lake na kusoma Biblia kwa kufuata kidole, basi. Kwa hiyo msiningojee maneno ya redioni. Nawaambia kama ninavyomwambia jirani pale mlangoni, na mkiona nimekasirika mtanivumilia. Nyumba yangu ndiyo ya mwisho kwenye mteremko, na mwenye nyumba ya mwisho hana siku ya kuifurahia mvua.

Wazazi wangu walikimbia vita kule Kivu, Kongo, wakapokelewa Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda. Mimi nilikuwa mgongoni. Tulipewa shamba, tukajenga kibanda cha nyasi, na mpaka uzee wake mama alikuwa akitusimulia jinsi ardhi ya mule ndani ilivyokuwa ikilowa kutoka chini. Unaweka majani ya mgomba, unaweka mkeka juu yake, unalaza watoto, asubuhi unawaokota na migongo ya baridi kama chura. Mdogo wangu alikohoa humo msimu mzima, akapona kwa huruma ya Mungu tu. Baba alipopata kazi ya kufyatua matofali kando ya mto Rwizi, tukahamia mjini Mbarara. Siku ya kuhama mama aliapa: mtoto wake hatalala tena penye maji.

Ndiyo maana sakafu ya nyumba hii tuliyohamia haikuwa sakafu tu. Mama alitafuta mavi ya ng'ombe mabichi, akayachanganya na udongo mwekundu na majivu, akasiriba chumba kizima kwa kiganja, akiwa amepiga magoti anarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Ilipoanza kukauka, aliisugua kwa jiwe laini la mtoni mpaka ikang'aa. Kando ya ukuta alichora michirizi kwa vidole vyake. Nyumba ilinukia kama majani makavu. Alitukataza kabisa kuingia na viatu, ingawa viatu vyenyewe hatukuwa navyo. Wanawake walikuja kuitazama, na yeye akajifanya hajui wamefuata nini.

Nyumba zetu zilishuka kwa mstari mmoja kutoka juu ya mlima mpaka karibu na mafunjo ya mto, na mbele ya milango yote ulipita mfereji mmoja. Waliotutangulia pale walikuwa wamejipangia desturi: kila mlango na kipande chake. Mpaka wa kipande ulikuwa tofali lililosimamishwa wima. Kutoka tofali hili mpaka lile ni kwako, ukifagia unafagia kwako. Sisi watoto tuliishika sheria hiyo kuliko amri kumi. Mpira wa matambara ukianguka kwenye kipande cha mtu, unabisha hodi. Siku moja kifaranga kilikufa maji kikaja kukwama kwenye tofali lenyewe, kichwa kwa watu na miguu kwa watu wengine, na wanawake wazima wawili wakashinda wanabishana ni nani atakayekizika, mpaka mbwa akapita akamaliza kesi.

Jumamosi ilikuwa siku ya mfereji, ili Jumapili watu waende kanisani wameacha nyuma mahali safi. Wanawake walitoka na majembe, wakavuta tope, wakamwaga maji, wakasugua. Mama Zawadi, jirani yetu wa juu, alikuwa akikifagia kipande chake kama anafagia madhabahu. Sasa mtaniuliza, tope lile lilienda wapi? Lilisukumwa ng'ambo ya tofali tu. Wa juu alimsukumia wa chini yake, naye akamsukumia wa chini yake, kila mmoja akasimama mikono kiunoni, akaona kwake kunameremeta. Hakukuwa na chuki hata kidogo. Kila mtu alikuwa msafi. Na chini kabisa, baada ya watu wote wasafi, tulikuwa sisi.

Mvua kubwa ya kwanza ilikuja mchana, baba akiwa kwenye matofali. Mfereji ulijaa mbele yetu, ukakosa pa kwenda, ukageuka ukaingia nyumbani kwa kupitia mlangoni kama mgeni aliyealikwa. Mama alichota maji kuyatoa nje kwa sufuria, mimi kwa kibuyu. Sakafu ikaanza kulainika, ile michirizi ya vidole ikafutika, chumba kizima kikawa uji mwekundu. Mama hakulia. Alingoja ikauke, akatafuta tena mavi ya ng'ombe, akasiriba upya. Mvua ikarudi, ikala tena. Akasiriba tena. Safari iliyofuata alivaa kitambaa cha kichwani kile cha kanisani, akanishika mkono, tukapanda kuuliza.

Kwa Mama Zawadi tulionyeshwa mfereji mtupu unaong'aa.

"Angalia mwenyewe, Mama Esta. Kipande yangu iko na hata jani?"

"Sasa ile tope ya kwangu inatokaka wapi?"

"Inatoka juu."

"Juu kwa nani?"

"Juu tu. Mimi ndiye naletaka mvua?"

Mlango uliofuata, jibu lile lile, kwa Kirundi kilichochanganyika na Kiswahili. Uliofuata, jibu lile lile kwa Kinyankore. Tulipanda hivyo mpaka kileleni, kwa Mzee Kamugisha, mwenye ardhi ile yote tuliyokuwa tumepanga. Na pale hata mimi mtoto niliona. Zizi lake la ng'ombe lilikuwa limeinamia mfereji. Kando yake palikuwa na mtumbwi wa kukamulia ndizi za pombe, na makapi yote, nyasi, maganda, mavi, yalimwagwa kwenye mlango wa mfereji, pale unapoanzia. Alikuwa amejengewa hata kijia cha saruji ili uchafu uteleze vizuri.

Mama alisimama mbele yake. Niliuona mdomo wake ukijiandaa.

"Karibu, nyabo, mama!" Mzee alisimama, akavua kofia. "Watoto iko salama? Bwana yako napiga matofali muzuri sana, mimi naona. Kaa, kunywa kwanza."

Tukakaa. Tukanywa maji ya ndizi, matamu mpaka meno yakauma. Mzee akauliza habari za Nakivale, akasikitika kwa habari za Kivu, akasema sisi ni wageni wake na hapa ni kwetu. Mama akashukuru. Akashukuru tena. Tulipoinuka, mzee akapiga ukelele, ukaletwa mkungu wa matoke, mzito, mbichi, unatoa utomvu.

"Mama hapana rudi mikono tupu."

Mama aliupokea kwa magoti, akajitwisha. Tukashuka. Mimi niliyasubiri yale maneno tuliyoyapandishia mlima, nikadhani labda atayasema tukifika njiani, au getini, au atarudi. Tukafika kwetu bado nasubiri. Mkungu ulikuwa kichwani, na mtu aliyejitwisha hawezi kugeuka nyuma. Wiki nzima tulikula matoke, nami nikamwona Mzee Kamugisha kuwa ndiye mtu mwema kuliko wote Mbarara.

Lakini hasira ya mama haikubaki kule juu. Ilishuka naye. Kesho yake alikusanya matofali yaliyopasuka kutoka tanurini, akayapanga ndani ya mfereji pale pale kwenye tofali la mpaka wetu na Mama Zawadi, akayakandika kwa udongo mpaka pakawa ukuta. Baba aliporudi jioni alizunguka ule ukuta, akaugonga kwa kidole cha mguu kama fundi.

"Umejenga muzuri. Sasa maji itaenda wapi?"

"Itarudi kwa mwenyewe."

"Maji haipandake mlima, Mama Esta."

"Basi ikae fasi itapenda. Kwangu hapana."

Mvua ilinyesha tena siku ya pili, kubwa, inapiga mabati kama mtu anamwaga mawe. Kwetu hakuingia hata tone. Mama alikaa chini, juu ya sakafu yake kavu, miguu ameinyoosha, anamenya maharage na kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya juu kuliko mvua. Sijawahi kumwona mtu amefurahi hivyo. Mimi nililala kifudifudi nikaweka shavu kwenye ile sakafu, ilikuwa na ubaridi mtamu.

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Alikuwa Mama Zawadi, amelowa mpaka kwenye nyusi, na mgongoni amembeba mama mkwe wake, Koko Salome, bibi kipofu ambaye alikuwa analala kwenye mkeka chini kwa sababu kitanda kilimtisha. Nguo za bibi zilikuwa zinachuruzika tope. Zawadi, rika langu, alikuwa nyuma yao, ameshika mkeka uliolowa.

Nilitegemea matusi. Mama Zawadi alikuwa na matusi ya kutosha mtaa mzima. Lakini alipiga magoti, akamshusha bibi taratibu katikati ya sakafu ya mama, pale panapong'aa zaidi.

"Kwako kukavu," alisema. "Basi mama atalala hapa."

Akasimama ukutani, akafunga mikono. Mama bado alikuwa na ganda la maharage kwenye vidole. Koko Salome, maskini, hakujua lolote. Alikuwa anatetemeka, na huku anatetemeka mkono wake ukapapasa chini, ukaenda, ukarudi, ukafuata michirizi kando ya ukuta.

"Hii fasi iko muzuri," alisema. "Uliisiriba na nini, binti yangu? Uliweka na majivu?"

"Niliweka, koko," mama alijibu.

Aliinuka, akachukua jembe nyuma ya mlango, akatoka kwenye mvua vile alivyokuwa. Tulimsikia akipiga ule ukuta wake. Udongo ulikuwa umeshika sana, maana alikuwa mke wa mfyatua matofali. Mama Zawadi akasikiliza kidogo, akasonya, akatoka naye. Wakabomoa wawili. Maji yakaja kwetu kama kawaida yake, yakaingia mlangoni, yakala sakafu. Tayari tulikuwa tumempandisha Koko Salome kwenye kitanda cha baba na mama, akilalamika kwamba ni kirefu kama mti.

Tofali la mpaka kati yetu na wao halikurudishwa tena. Toka siku hiyo mama na Mama Zawadi walisafisha vipande viwili kama kimoja, tope wakalitoa kwa karai na kulitupa kwenye shimo, wakifokeana kwa furaha. Lakini hawakupanda juu. Hilo ndilo linaloniuma. Mzee Kamugisha alizeeka kwa heshima, akazikwa na watu wengi sana, na mama alienda kumlilia kwa machozi ya kweli.

Nilipokuwa mtoto nilidhani kisa hiki kinahusu majirani wawili kugombana na kupatana. Nilikihadithia hivyo miaka mingi, kwa wanangu, kwa wajukuu, kwenye ibada ya akina mama, watu wakasema amina. Imenibidi nizeeke kwenye nyumba hii hii, na miguu ndani ya maji yale yale, ndipo nikaona nilikuwa natazama upande usiofaa wa mlima. Mama hakuwa mwoga. Alivuka mpaka kwa miguu na mtoto mgongoni. Alifungwa mdomo kwa ukarimu, na maneno aliyoshindwa kuyamwaga kileleni akaja kuyamwaga kwa mwanamke pekee aliyekuwa karibu yake na asiyekuwa na nguvu ya kumfukuza.

Leo kule juu hakuna zizi. Kuna nyumba za kupangisha, za ghorofa, ua wote umefunikwa saruji, hakuna hata fasi ya tone moja kuzama ardhini. Maji yote yanatuteremkia, pamoja na chupa, makavera ya plastiki na hizo pampasi nilizowaambia. Mwenye nyumba hizo ni kijana mstaarabu. Akituona anasimamisha gari, anasema, "Mukaaka, bibi yangu, hujambo?" Krismasi alituletea sukari, kila mlango mfuko wake, na watu wakapiga makofi. Nami nilipiga. Tangu hapo tumeanza kulaumiana huku chini: Warundi wanasema ni Wakongo, Wakongo wanasema ni wapangaji wapya, na mtu mmoja ameshapanga magunia ya mchanga mbele ya mlango wake ili maji yaende kwa mwenzake.

Asubuhi hii harufu imeanza. Nimetoka nje nikamkuta mjukuu wangu Neema, binti mwenye akili na mikono ya kazi, msiniulize nimejivunia naye mara ngapi, anajaza mchanga kwenye magunia.

"Koko, nitaziba hapa juu, kwako hakutaingia kitu."

"Na kwa Zawadi?"

Akatazama nyumba ya jirani. Zawadi bado anakaa pale, magoti yamemwisha, anatembelea fimbo, na siku hizi ndiye anayelala chini kwenye mkeka, maana kitanda kinamtisha.

Nimemwambia Neema amwage mchanga wote. Nimevaa kitambaa changu cha kanisani. Zawadi nimeshamwita, anatafuta fimbo yake na kunitukana kwamba nimemwamsha mapema. Neema atatuchukulia karai la tope, lile lililotoka mlangoni kwangu, ili kijana wa watu alione kwa macho. Tutaenda polepole, tutabisha hodi kila mlango tunaoupita, atakayependa afuatane nasi.

Najua tutakaribishwa vizuri. Tutaambiwa tukae, tutaletewa soda. Sukari ya Krismasi tumeshaimaliza kwenye chai, sina cha kumrudishia. Lakini nilikula sukari yake tu, ulimi wangu ninao. Wakinipa kitu cha kujitwisha nitakiweka chini pale pale getini, kichwa changu kibaki kitupu, niweze kugeuka na kumwonyesha kwa kidole yale maji yanakoelekea.