Ildefonce Achagua Baiskeli ya Mlimani

Ildefonce wa Makere ndiye anayefungua maji ya kijiji. Tangi liko juu mlimani, na kwa miaka kumi na tatu alipanda huko kila asubuhi kwa baiskeli. Mwaka jana aliteleza kwenye ngazi ya tangi, akaumia kiuno. Tangu hapo hawezi kuinama juu ya tandiko la baiskeli ya kawaida hata kwa robo saa. Daktari akamwambia atafute namna ya kukaa ameegemea.

Ndipo aliposikia kwamba Abbasi, muuza vipuri wa Kasulu mjini, ana baiskeli mbili ambazo mtu huziendesha akiwa ameegemea nyuma, miguu mbele. Wageni wawili waliokuwa safarini walishindwa na milima ya Buhigwe, wakamuuzia.

Ildefonce alikwenda, lakini moyoni hakumwamini mtu yeyote mwenye duka.

Abbasi akamtolea moja ya buluu, ya magurudumu mawili. "Hii ndiyo yako, mzee. Nyepesi, unaibeba kwa mkono mmoja."

"Na ile?" Uani, chini ya turubai, ilichungulia nyingine ya magurudumu matatu.

"Ile nzito. Achana nayo."

"Nzito, au ina kasoro?"

"Nimekwambia nzito."

Mfanyabiashara anayekataa kuuza. Ildefonce akawaza kuwa ni ya wizi, au fremu ilivunjika ikachomelewa. Akaomba kuijaribu ya buluu kwenye kilima cha nyuma ya soko.

"Ijaribu hapa, mzee. Hapa ni tambarare."

"Mimi siishi kwenye tambarare."

Abbasi akamfuata. Mwanzoni baiskeli ilikwenda vizuri. Mlima ulipokaza, Ildefonce alitaka kusimama juu ya pedeli kama alivyozoea, asukume kwa uzito wa mwili, lakini ukiwa umeegemea huwezi kusimama. Ilibaki nguvu ya miguu tu. Akatafuta gia nyepesi zaidi, haikuwepo. Mwendo ukapungua, usukani ukayumba, akaangukia ubavu kwenye vumbi.

Abbasi alimwinua. Hakuonekana kushangaa.

"Ulijua," Ildefonce akasema.

"Nilijua. Na mimi niliangukia hapa hapa."

Waliporudi dukani, Ildefonce aliifunua mwenyewe ile ya magurudumu matatu. Alipitisha kidole kwenye kila kiungo cha fremu akitafuta alama ya kuchomelea. Hakuona. Gia kubwa ya nyuma ilikuwa pana kama sahani, ya mbele ndogo sana. Kilimani ilipanda polepole, mtu wa miguu angempita, lakini alipochoka alisimama katikati ya kilima, akapumzika bila kuanguka, akaendelea. Kiuno hakikumsumbua.

"Sasa niambie kwa nini uliificha."

Aliyejibu alikuwa mama wa Abbasi, Bi Mwajabu, kutoka mlangoni. "Ni kiti changu, mwanangu. Viti vingine vinaniumiza nyonga. Kila alasiri hukaa humo."

Ildefonce akashuku kuwa hiyo nayo ni mbinu ya kupandisha bei. Akatazama kiti. Mgongoni palikuwa na kanga kuukuu iliyokunjwa na kulaliwa hadi ikawa bapa. Aliona aibu.

"Shikamoo, mama," akasema, maana hata kumwamkia alikuwa hajamwamkia.

"Marahaba. Ichukue. Ila nitengenezewe kwanza kiti kinacholala hivyo."

Ildefonce alipima mlalo wa kiti hicho kwa kamba, akaipeleka kwa Anania, fundi wa kuchomelea. Alilala kwa shemeji yake wa hapo mjini siku mbili akisubiri. Bi Mwajabu alipokikalia kiti kipya alisema kiko juu, kikakatwa miguu, akakikalia tena, akaomba aletewe kanga yake. Ndipo Ildefonce akailipia baiskeli, akaondoka nayo.

Siku hizi hutoka nyumbani mapema zaidi ili maji yasichelewe. Juzi Abbasi alimpigia simu, akamwuliza kama ana jirani anayetaka ile ya buluu. Ildefonce alisema mtandao unakatika, akakata simu.