Sigara za Kufukuza Bangi

Wiki iliyopita nilipanda basi la Tongoni, nikaketi karibu na kijana mkata mkonge aliyekuwa akiwasha sigara juu ya sigara. Nilipomtazama, akainua mkono kifuani.

"Niwie radhi, bwana. Nimeacha bangi. Hizi zinaifukuza mwilini upesi, kabla sijafika ukweni."

Mkewe alikuwa amerudi kwao kwa sababu ya bangi hiyo, naye sasa alikuwa akienda kumchukua.

Tulimkuta mkewe kituoni. Hakumpa mkono. Alisogea, akanusa kola ya shati lake.

"Sigara tu, mama watoto. Wallahi bangi nimeacha."

"Ulikuwa ukiichanganya na nini?"

"Na tumbaku."

"Basi umeacha nusu. Hiyo iliyobaki ndiyo itakayomwita mwenziwe."

Kijana akaikanyaga sigara, akamkabidhi pakiti nzima. Mkewe akaipokea, lakini hakwenda kufunga mizigo.

"Njoo Ijumaa ijayo, ninuse tena."

Nimemwuliza daktari mmoja. Anasema bangi hutoka mwilini kwa siku zake. Sigara haiiharakishi, humkumbusha tu mvutaji alichokiacha. Nilimsikiliza kwa makini sana, huku nikipapasa mifuko kutafuta kiberiti.