Zamu ya Kulala

Wanaume wanaopenda mashine wana ugonjwa wao mmoja: hawawezi kukaa kiti cha abiria wakatulia. Kwa Shuaib ugonjwa huo ulikuwa sugu. Akipakiwa, mguu wake hukanyaga breki isiyokuwapo, na mdomo hutoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba. Mkewe Amna alishamzoea, na kwa miaka mingi alimwachia usukani ili apate kuzungumza mambo mengine njiani.

Jumamosi hiyo hakukusudia kumwachia. Walitoka kwao Alief, mtaa wa Houston, mapema, wakashika barabara ya Dallas hadi kwenye shamba kubwa la misonobari ambako watu hukodi vigari vya matope: viti viwili, hakuna milango, vyuma juu ya kichwa na magurudumu manene. Hapo ndipo walipokuwa wakikutana, kila walipopata wikendi, na Émile na Bibiche, marafiki zao Wakongo wanaokaa Lewisville, karibu na Dallas. Shuaib na Émile walijuana kwenye ghala moja huko Garland, Shuaib akileta mzigo kwa lori, Émile akiupokea, na salamu za ghalani zikazaa urafiki wa nyumba mbili. Kwa kawaida wanaume hushindana kwenye matope, wake zao wakishika vyuma na kumtaja Mungu kila mmoja kwa dini yake, kisha wote wanne hula mishikaki na ndizi za kuchoma hadi jua lipungue makali.

Amna alizaliwa Mombasa, mtaa wa Kibokoni, na huko hakuwahi kugusa usukani. Kwao gari lilikuwa jambo la kaka zake. Houston ndiyo iliyomfundisha, kwa kuwa Alief bila gari hata mkate huupati. Akapata leseni, akapata kazi ya kutunza wazee, akamlea binti yake Hadiya mpaka akaondoka kwenda chuo mji mwingine. Hapo nyumba ikawa kubwa ghafla. Shuaib akipotea na lori lake wiki mbili, tatu, Amna alipika sufuria ndogo, akala mwenyewe mbele ya televisheni, akiwa na hasira ambayo hakujua aielekeze kwa nani.

Ndipo aliposikia kuhusu mke na mume wanaoendesha lori moja kwa zamu, huyu akishika usukani, yule analala kitandani nyuma ya viti. Hakungoja kuambiwa mara mbili. Akajifunza, akafaulu leseni ya malori, akamletea mumewe habari. Kampuni ya Shuaib ilikuwa tayari kumchukua, mradi Shuaib akubali.

"Mie siwezi kulala wewe ukiendesha," Shuaib alimwambia. "Na nisipolala, zamu yangu nitaendesha na macho mekundu. Tutakufa sote."

Alilisema hilo tangu Mfungo Mosi, mara baada ya Ramadhani, na kila alipobanwa aliteleza kama kambale. Mwishowe, labda kwa kuchoka, akatoa sharti: Amna amzungushe njia kubwa ya shambani, mzunguko mzima, yeye akikaa pembeni. Shuaib akiweza kutulia, wataandikisha jina la Amna kwenye kampuni.

Basi Amna akafunga mtandio vizuri chini ya helmeti, akawasha. Émile na Bibiche walikuwa wametangulia, na vumbi lao lilikuwa bado limening'inia kati ya miti. Njia ilikuwa ya udongo mwekundu, pana ya kupishana vigari viwili, bila mstari, bila kibao chochote.

"Taratibu hapo," alisema Shuaib. "Gia. Shimo hilo, shimo."

"Naliona, Baba Hadiya."

"Haya, unaliona."

Amna aliuma meno. Alipita kwenye dimbwi bila kukwama, akashuka bondeni, akapanda upande wa pili. Kwa pembe ya jicho alimwona mumewe ameshika goti lake kwa mikono miwili ili mguu usikanyage. Mzunguko ulibaki kidogo tu, kilima kimoja na kona mbili, na Shuaib alikuwa amenyamaza. Amna aliomba dua asiseme neno tena mpaka wafike.

Nyuma ya kilima, wasivyojua wao, Bibiche alikuwa amegundua kuwa simu yake imeanguka, na Émile amegeuza kuifuata.

Vigari viwili vilikutana juu ya kilima, pua kwa pua. Amna aliona taa, akaona helmeti nyeupe ya Bibiche, na mikono yake ikaanza kukata kulia bila kuuliza. Émile naye akakata kulia kwake, kama anavyoendesha kila siku Lewisville na kama magari yaendavyo kwao Kongo. Wangepishana salama. Lakini mkono wa Shuaib uliruka kutoka gotini, ukadaka usukani na kuusukuma kushoto kwa nguvu zote.

Miaka mingi kabla ya Marekani, Shuaib aliendesha malori kutoka bandarini Mombasa hadi mpakani Malaba, amekaa kiti cha kulia, akikwepa kwa kushoto. Texas ilimfundisha upande mwingine, na kwenye barabara yenye mistari hakukosea hata siku moja. Hapa hapakuwa na mstari, na kiti alichokalia kilikuwa upande ule ule wa zamani. Alipotishika, mkono ukarudi Mombasa bila yeye.

Kigari kikaelekea moja kwa moja upande wa Bibiche. Amna hakuwa na upande wa zamani wa kuurudia. Alimpiga mumewe kiwiko cha kifua, akaurudisha usukani kulia, na kigari kikapanda ukingo, kikainama, kikasimama kimeegemea msonobari. Cha Émile kilipita kikikwaruzana nacho gurudumu kwa gurudumu, kikaenda kuzima ndani ya majani.

Bibiche ndiye aliyefika kwanza, anachechemea, ameshika mkono wake uliochubuka.

"Amna, ulikuwa unaenda wapi vile? Tuko tunaona gari inakuya kwetu, inakuya tu. Ulitaka kutuua?"

Amna alimtazama Shuaib. Shuaib alikuwa akifungua kamba ya helmeti, na kamba hiyo ghafla ikawa ngumu sana kufunguka.

"Tusameheane," alisema hatimaye, akitazama chini. "Ni njia mbaya hii."

Émile alizunguka kigari chake, akagusagusa magurudumu, akamwita mkewe waende kutafuta simu.

Mishikaki ililiwa siku hiyo kama chakula cha hospitali. Bibiche alipokea chumvi kutoka kwa Amna bila kumwangalia, na Amna hakumlaumu, maana angekuwa yeye angefanya hivyo hivyo. Alimngoja mumewe aseme ukweli. Alimngoja wakati wa kula, wakati wa kunawa, wakati wa kuagana. Shuaib alizungumzia mvua, akazungumzia bei ya matairi, akampigapiga Émile begani. Kila alipofungua mdomo, Amna aliinua macho akidhani sasa atasema.

Kwenye pikapu yao Shuaib alimkabidhi funguo mwenyewe, akalaza kiti chake nyuma, akafumba macho. Kwa miezi yote hiyo Amna alikuwa akiitaka picha hiyo, mumewe kalala naye anaendesha. Akaiangalia, ikamchoma, kwa sababu alijua hajalala. Alikuwa amejificha.

Aliingia kituo cha kwanza cha mafuta, akazima gari.

"Mpigie Émile."

"Mama Hadiya, si tufike kwanza..."

"Mkono wako ulishtuka. Hilo nimekusamehe pale pale juu ya kilima. Lakini mdomo wako umekuwa na mchana kutwa wa kusema kweli. Mpigie."

Shuaib aliishika simu kama chuma cha moto. Émile alipopokea, sauti yake ilijaa gari zima.

"Émile, ndugu yangu. Pale kilimani, Amna hana kosa. Ni mimi niliyevuta usukani."

"Najua, grand, kaka yangu. Mukono yako niliiona," alisema Émile kwa upole. "Nikasema sitakupatisha haya mbele ya mabibi. Nitaambia Bibiche sasa."

Kumbe walikuwa wawili waliojua. Wawili, wakala nyama, wakafichiana aibu, naye akaachwa katikati na kosa lisilo lake. Amna alihisi machozi na akayakataa.

Shuaib alikata simu, akakaa wima. Alionekana mzee kuliko asubuhi.

"Jumatatu twende kampuni tukaandike jina lako," alisema. "Unajua kuendesha kuliko mimi. Nitalala, wallahi nitalala."

Amna aliwasha gari, akangoja lori moja lipite, kisha akaingia barabarani.

"Wewe utalala, Baba Hadiya. Hilo nimeliona," alisema. "Sasa niache mimi nifikirie kama nitaweza kulala wewe ukiendesha."