Mguu Wangu Kwenye Kona ya Mwita

Mgonjwa wangu wa kwanza Nyamwaga alikuja na nyusi iliyopasuka, akakataa ganzi. Nilikuwa nimeripoti asubuhi hiyo hiyo, viatu bado vyeupe, nimetoka Songea kwa safari iliyonifanya niamini kwamba Tanzania haina mwisho. Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, alinionyesha kabati la dawa na kitanda cha kujifungulia, kisha akaniachia kijana yule na kwenda kunywa chai. Nikavuta dawa kwenye bomba la sindano. Kijana akasema hapana, shona hivyo hivyo.

Nyuma yake alisimama mzungu mwenye mvi, pua imelala upande, mikono imejaa grisi. "Mdunge tu, Nesi," aliniambia kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha Mganga Mfawidhi. "Ukimwuliza Mkurya kama anaumwa, utangoja mpaka kiama."

Nikamdunga. Kijana aliitwa Mwita. Mzungu alikuwa Mzee Aldo, fundi magari wa misheni, ambaye zamani alikuwa bingwa wa ngumi za kulipwa kwao Italia, uzito wa kati. Nimefanya kazi chini ya waganga wafawidhi wengi, wengine wema, wengine Mungu awasamehe. Lakini ninyi wauguzi vijana mnaponiuliza nani alinifundisha kazi, namtaja fundi magari huyo, na mnacheka. Chekeni tu, halafu msikilize.

Gereji ya misheni mchana ilikuwa gereji. Jioni magari yalisukumwa nje, kamba zikafungwa kwenye nguzo, na ukawa ulingo. Magunia yaliyojazwa maranda ya mbao yalining'inia darini, na vijana wa kuanzia Nyamwaga hadi Tarime mjini waliyapiga mpaka vumbi likawatoka puani. Mzee Aldo alikuwa na mwalimu msaidizi wa mazoezi, lakini hakuwa na mtu wa kona, yule anayemhudumia bondia katika dakika moja ya mapumziko kati ya raundi na raundi. Baada ya kuuona mshono wangu kwenye nyusi ya Mwita, akaja zahanati kuniomba.

Katibu wa ngumi wa mkoa alikataa katakata. Mwanamke kwenye kona, alisema, ni mkosi. Mzee Aldo akamwuliza kwa upole siku aliyozaliwa alipokelewa na nani. Katibu akasaini, nami nikapewa ndoo na taulo.

Kazi ile ni uuguzi wa mbio. Kabla ya pambano unapaka vaseline usoni ili ngumi iteleze badala ya kuchana ngozi. Bondia akirudi na kipasuko, unakifuta, unakandamiza kijiti chenye pamba iliyochovywa adrenalini, dawa inayobana mishipa midogo ili damu isimame, na huachii hata kengele ikikukimbiza. Uvimbe chini ya jicho unaukanda kwa kipande cha chuma kilicholala kwenye barafu, ukiusukuma mbali na jicho. Mwalimu ndiye mwenye taulo la kurusha ulingoni kusimamisha pambano, na ndiye anayezungumza. Wewe huzungumzi. Kwa mdomo wangu mimi, hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote.

Lakini Mzee Aldo alikuwa na tatizo ambalo Italia hakulijua. Kwao, alisema, bondia akikaa kitini husema ukweli: mbavu hizi, mkono huu, sioni vizuri. Mwalimu hupanga mambo kwa ukweli huo. Wakurya wake walisema neno moja tu, "Niko sawa." Mbavu imevunjika, niko sawa. Mimi Mngoni nilifika nikidhani najua ukali, kumbe nilikuwa mgeni. Kijana wa Kikurya husimama mbele ya ngariba, na ndugu wanamtazama usoni. Akipepesa jicho, akikunja uso, aibu ni ya ukoo mzima. Mama yake hayupo pale. Anasubiri nyumbani kusikia kama wanakuja wakiimba au wanakuja kimya. Mtu aliyevuka mtihani huo utamwambiaje, miaka michache baadaye, akiri kwamba mbavu zinamwuma?

"Kona si jando," Mzee Aldo aliwaambia kila jioni. Waliitikia ndiyo, mwalimu, na kesho yake wakaficha vidole vilivyoteguka.

Mwisho akabuni njia yake. Mdomo wao umefungwa, aliniambia, basi tutumie miguu. Akawakusanya akawapa kanuni: siku ukiona huwezi tena, siku ukiogopa kufa au kupofuka, usiseme lolote. Nesi anapokufuta uso yuko karibu nawe, mguu wake uko kando ya wako. Ukanyage. Hakuna atakayeona, wala ndugu yako, wala mwamuzi. Nesi ataniambia mimi, na yatakayofuata ni ya kwangu.

Vijana walicheka, wakaniita Nesi wa Miguu. Miaka ikapita, hakuna aliyenikanyaga. Nikaanza hata kuvaa ndala kwenye kona.

Nilimwuliza siku moja, akiwa chini ya gari na mimi nampa spana, kwa nini analishupalia jambo hilo hivyo. Alikaza nati aliyokuwa nayo. Kisha akanisimulia. Alianza kama mbeba magunia ya unga katika duka la mikate la mjomba wake, akapigana ngumi za ridhaa, halafu za kulipwa, mpaka akavaa mkanda wa taifa. Aliutetea mara kadhaa. Mara ya mwisho alipigana na kijana mdogo, mwenye mke na mtoto mchanga. Kuanzia katikati ya pambano kijana yule alikuwa amekwisha. Aldo alimtazama mwamuzi, mwamuzi hakufanya kitu. Akaitazama kona ya kijana, nao walikuwa wakimpigia kelele aendelee. Akaendelea kumpiga, kwa sababu hiyo ndiyo kazi. Kijana hakufa. Alirudi nyumbani akiwa hamjui mtoto wake.

"Taulo lilikuwa pale, Nesi," alisema. "Limekunjwa vizuri begani kwa mwalimu wake."

Aliacha ngumi mwaka ule. Alipotafutwa fundi wa kuja kujenga misheni huku, akajitolea, na hakurudi kwao. Nilimpa spana nyingine.

Mwita alikuwa mkono wake wa kulia. Baba yake alishafariki, na mama yake, Mama Mwita, alikuwa mwanamke mrefu aliyelima shamba la migomba na mahindi peke yake na kuswaga ng'ombe kama mwanamume. Alimpenda Mzee Aldo kwa kumtuliza mwanawe, akawa anamletea ndizi gereji. Mwita alipanda: Tarime, Musoma, Mwanza. Akashinda, akashinda, mpaka akapata nafasi ya kugombea mkanda wa taifa dhidi ya bingwa kutoka Morogoro, na likakubaliwa pambano lifanyike nyumbani, uwanjani Tarime, mchana kweupe.

Watu walikuja mpaka kutoka Sirari. Mama Mwita alikaa mbele kabisa, kitenge kipya, amezungukwa na shangazi zake Mwita. Jando la mwanawe alilisikia tu kwa wimbo. Leo alikuwa amekuja kuuona uso wenyewe.

Raundi za mwanzo Mwita aliongoza. Baadaye kidogo jicho la kushoto likaanza kuvimba, nikalikanda kwa chuma, nikauliza anaona? Niko sawa. Raundi iliyofuata niliona anageuza kichwa kama kuku anayetafuta punje, akimtafuta mpinzani kwa jicho la kulia. Kila konde lililotoka upande wa kushoto lilimkuta hajaliona. Nikamnong'oneza Mzee Aldo. Akainama kumwuliza, mwanangu, jicho? Niko sawa, mwalimu. Huko mbele mama yake alikuwa amesimama, na shangazi wanapiga vigelegele.

Raundi moja zaidi. Alirudi, akakaa. Nikapiga goti, nikaanza kumfuta. Na nikahisi kiatu chake juu ya mguu wangu.

Hakukanyaga kwa nguvu. Alikiweka taratibu, akakiacha pale, na macho yake yalikuwa yakimtazama mama yake bila kupepesa. Nilikuwa na ndala. Naukumbuka uzito wa kiatu kile mpaka leo ninapoandika.

Nilimwambia Mzee Aldo neno moja, mguu. Hakuniuliza mara mbili. Angeweza kumwita mwamuzi na kumnong'oneza, lakini hapo watu wangeuliza nani kasema nini. Akamwacha Mwita ainuke, akaacha kengele ilie, wakapigana kidogo, kisha akalichukua taulo begani, akalirusha katikati ya ulingo mbele ya watu wote, mkono ameunyoosha juu ili kila mtu aone ni wa nani.

Uwanja ukalipuka. Mwita alirukaruka akipiga kamba kwa ngumi, akimfokea mwalimu wake nani kamwambia asimamishe. "Mimi," alisema Mzee Aldo. "Nimesimamisha mimi." Mama Mwita akapita chini ya kamba. Hakupiga kelele. Alimsogelea mzungu yule mpaka wakawa pua kwa pua.

"Mwanangu hakukunja uso mbele ya kisu," alisema. "Wewe umemkunjia mbele ya watu. Usikanyage kwangu, na nikifa usinizike."

Nilitaka kufungua mdomo. Mzee Aldo alinitazama mara moja tu, nami nikaufunga. Mgonjwa akikupa siri, siri si yako. Hilo tulifundishwa chuoni, lakini sikujua kwamba linaweza kuuma hivyo.

Tulimkimbiza Mwita hospitali Mwanza kwa gari la misheni, macho amefungwa bandeji, kichwa amekilaza mapajani mwangu. Utando wa nyuma ya jicho, ule unaopokea mwanga, ulikuwa umebanduka. Daktari alisema makonde machache zaidi jicho hilo lingekuwa limekwenda moja kwa moja, na la pili si ajabu lingefuata. Njiani, kabla hatujayajua hayo, Mwita alikuwa amesema kitu kimoja tu.

"Mwalimu, Mama asijue."

"Ajue nini?" alijibu Mzee Aldo, akiendesha. "Taulo nilirusha mimi."

Jicho lilibaki, linaona kama kwa kioo kichafu. Ngumi ziliishia hapo. Kijijini Mwita akawa bingwa aliyedhulumiwa mkanda. Vijana walimnunulia soda, wazee wakamtolea mfano. Nilimwona akizipokea soda zile bila kunywa. Mzee Aldo kwa upande wake akawa mzungu aliyeogopa damu. Wanafunzi walimtoka mmoja mmoja. Ndizi hazikuja tena gereji. Mwaka ule niliona kuku wametaga ndani ya ulingo, na yeye anawazunguka taratibu asiwashtue. Nilimwambia, Mzee, hebu nimwambie mama yule, wanawake tutaelewana. Alikataa. Alisema alikuwa amesubiri nusu ya maisha yake apate nafasi ya kurusha taulo lile, na nafasi ikija mtu hachagui bei.

Mganga Mkuu wa Wilaya akanihamishia Tarime mjini, nikawekwa wodi ya wazazi. Baadaye nikahamia wilaya ya Serengeti, zahanati huko Nyambureti, na huko ndiko nilikomalizia utumishi. Nilizalisha watoto ambao sasa ni wazazi. Mwita naye alihamia Serengeti, akaoa Robanda, akapata kazi ya ulinzi katika kambi ya watalii, na msimu wa mahindi anafukuza tembo shambani kwake kama wenzake. Tulikuwa tukikutana gulioni. Hatukulizungumza.

Mzee Aldo alifariki Nyamwaga, kwa moyo, kitandani mwake. Nilikwenda. Watu walikuwa wachache, wengi wa misheni. Nilimkuta Mwita amefika kabla yangu, yuko ndani ya kaburi anachimba. Alichimba peke yake. Vijana walimwomba jembe wampokee, hakulitoa, na jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye jicho lile bovu. Nyuma yangu mtu mmoja alimwambia mwenzake kwamba yule hasira haijamwisha, anamfukia adui yake mwenyewe. Paroko alipouliza nani atasema neno kwa niaba ya wanafunzi wa marehemu, hakuna aliyeinuka. Mama Mwita hakuja. Nililia pale kwa uchungu kuliko nilivyolia kwa baba yangu, na sioni haya kulisema.

Sasa nimestaafu. Nina nyumba ndogo hapa Nyambureti, mihogo, mbuzi, na majirani wanaonigongea mlango wakidhani kustaafu ni kuhama ofisi tu. Mnaniuliza kazi hii ilinifunza nini. Ilinifunza kutomwamini mtu anayesema yuko sawa, na kuangalia miguu yake. Ilinifunza pia kwamba mtu anaweza kuokolewa vizuri kabisa na bado asipone.

Mama Mwita alifariki kabla ya mavuno yaliyopita. Matanga yalipokwisha Mwita alikuja kwangu kwa bodaboda kutoka Robanda, mvi zimemjaa. Akanipa shikamoo, akakaa mezani, nikampa uji.

"Yaandike sasa, Nesi. Mama hayupo."

Nikamwuliza swali ambalo nilikuwa nalo miaka yote. Angemwambia siku ile ile kwamba ni yeye aliyeomba, mama yake angefanya nini?

Aliushika ule uji bila kuunywa.

"Angenipiga," alisema. Kwa mara ya kwanza tangu nimshone, nikamwona Mwita anakunja uso. "Halafu angenipikia."

Chini ya meza, kiatu chake kikaja juu ya mguu wangu, taratibu, kama siku ile. Nikageuka upande wa kumwambia Mzee Aldo. Hapakuwa na mtu.