Risasi moja ya nyati ilivyonifanya nimsake nyenje nyumba nzima

Wakuu, salaam kutoka Mpanda.

Niwataje kabisa waliokuwepo siku ile, asije mtu akasema nimetunga: mimi, Shija tracker (mfuata nyayo) mwenzangu, PH, yaani mwindaji bingwa anayeongoza msafara, game scout (askari wa wanyamapori), na mgeni aliyekuja kuwinda nyati kwa kibali. Watano tu.

Mimi ni kifungua mimba. Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la sita, nikabaki na wadogo zangu watatu hapa Kasokola. Kufuata nyayo ndiko kunakowaweka darasani. Na kazi hii ni macho na masikio, cheti hawaulizi.

Asubuhi PH aligawa earplugs, zile sponji za njano. Shija akaning'iniza zake shingoni.

Nikamcheka: "Shija, pamba za masikioni kama maiti! Tukuzike wapi?"

"Cheka tu. Maiti hasumbuliwi na kelele."

Zangu nikatia mfukoni. Tracker aliyeziba masikio atamsikiaje nyati? (Kumbe unaziba wakati wa kupiga tu. Ubishi wangu ulikuwa mkubwa kuliko elimu yangu.)

Tukampata nyati. Nikasimika zile fimbo tatu za kuegemezea bunduki. Ukishasimika unarudi nyuma, ndiyo utaratibu.

Lakini mgeni alitetemeka mpaka fimbo zikawa zinacheza. Nikamhurumia, nikazishika. Mdomo wa bunduki hapa, sikio langu la kushoto hapa.

Puuu!

Nyati chini. Mimi naona watu wanafungua midomo tu.

Jioni nikaanza kusikia tena, ila kuna nyenje analia. Nimerudi nyumbani, bado analia.

Jumapili nzima nikamsaka. Nimetoa kitanda nje, nimepekua magunia ya mahindi, nimepanda mpaka darini. Mdogo wangu Neema kasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Kaka, nyati aliyepita jana unamjua, nyenje anakushinda?"

"Nyamaza, nisikie yuko wapi."

"Hebu toka nje, tuone kama atabaki ndani."

Nikatoka. Tukaenda mpaka barabarani. Nyenje tukawa naye, analia sikioni mwangu.

Hapo Neema akaacha kucheka.

Hospitali daktari alisema ndani ya sikio pameumia, mlio huenda usiishe, nilinde kilichobaki. Wakati wa kulala, niwashe redio kwa sauti ya chini. Siku hizi Neema ananiamkia hivi: "Shikamoo kaka, na nyenje wako kaamkaje?"

Niliogopa kufukuzwa, nikamwambia Shija peke yake.

Akasema, "Mwambie PH leo. Usiposema wewe, nasema mimi."

Nikasema. PH akanibakiza kwa sharti: nivae zile sponji, na Shija atembee kushoto kwangu.

Mwezi uliopita Shija alinivuta shati ghafla. Nyati aliyejeruhiwa alikuwa anahema kichakani, hatua chache kushoto. Mimi nilikuwa namsikiliza nyenje.

Kwa hiyo nyie mnaowinda, mnaolinda mashamba kwa bunduki, hata wa mashine za kusaga: vaeni. Masikio hayana spea. Na wenye mlio kama wangu, mnaishije nao? Semeni hapo chini, hata matusi ya ubishi wangu nitayasoma.

Nilimuuliza Shija nimlipe nini.

"Siku mimi nikishindwa kusikia, nisikilizie."

Nilikubali, wakuu. Kwa sikio hili, sijui nitamlipaje.