Binti Yangu wa Tarumbeta TV

Tarumbeta TV haipo. Nimelazimika kusema hivyo mara nyingi hapa Mogogosiek, hata kwa fundi wa dishi ambaye jirani yangu alimwita aitafute. Alipanda juu ya mabati akageuza dishi huku na huku mpaka jirani akapoteza hata stesheni alizokuwa nazo. Ni kituo cha kubuniwa, kimo ndani ya tamthilia tu, na aliyekuwa akisoma habari humo ni binti yangu, mtoto wangu wa pekee.

Vituo vya aina hiyo nimevichunguza sana tangu nilipostaafu ualimu na kubaki peke yangu. Havina matangazo ya sabuni wala mahubiri. Mhusika anawasha televisheni, na papo hapo inasomwa habari inayomhusu yeye. Akishaisikia anazima, hataki hata kujua kama mvua itanyesha. Tena nchi nzima hutazama kituo hicho kimoja. Upuuzi mtupu, na sikukosa hata kipindi kimoja.

Maana ndipo nilipomwona. Nairobi anakoishi si mbali, lakini tangu tumzike baba yake alikuja nyumbani kwa nadra, na simu zake zilikuwa fupi: uko salama, ng'ombe wako wazima, haya Mama, tutaongea. Kwenye Tarumbeta alivaa koti jekundu, akakaa wima, akanitazama machoni na kusema, "Hujambo, mtazamaji." Nilimjibu sijambo. Nilimjibu kwa sauti, kikombe cha chai mkononi, wala sikuona haya kwa sababu hapakuwa na mtu wa kunicheka. Kisha alisoma habari za waziri wa uongo aliyenyakua shamba la uongo, na mimi nikaangalia kama amekonda.

Jirani yangu hakukubali kwamba ni maigizo. Siku moja alinisimamisha kwenye kituo cha kupimia majani ya chai, kikapu chake kikiwa bado mgongoni.

"Mwalimu, ambia huyo msichana aseme ile bonasi yetu ya chai iliyopunguzwa. Kama ameweza kusema ya waziri, ya kwetu itamshinda?"

Nilimweleza tena, pole pole, kama nilivyokuwa nikiwaeleza watoto wa darasa la tatu. Alinuna. Nadhani mpaka leo anaamini nilimnyima tu.

Mwaka huu tamthilia ikaisha. Katika kipindi cha mwisho waziri alikamatwa, Tarumbeta ikatangaza, na taa za studio zikazimwa. Binti yangu akapiga simu kusema hana kazi tena, atakuja nyumbani apumzike kidogo. Nilimwambia pole. Moyoni nilifurahi, na siwezi kujifanya vinginevyo. Nilichinja kuku, nikaandaa mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye kibuyu kizuri, nikamtandikia shuka mpya.

Alikuja, na simu yake ikaja naye. Alikula akiitazama, akanijibu akiitazama. Nilipomuuliza mipango yake alisema bado anatuma maombi. Nilizungumza na utosi wake siku nzima, mpaka nikajua kila msuko wa nywele zake. Jioni moja uvumilivu ukaniisha, nikamwambia kwamba kwenye Tarumbeta alikuwa akiniangalia vizuri zaidi.

Akacheka, bila ubaya wowote.

"Mama, pale mbele hakuna mtu. Ni kioo cha kamera tu, na maneno ya kusoma yanapita hapo. Mimi nilikuwa naogopa nisikosee."

Kamera naijua. Sikuhitaji kufundishwa na mtoto niliyemfundisha kusoma. Hata hivyo niliinuka nikaenda kumwangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote, nikasimama zizini mpaka baridi ikaniingia. Niliporudi alikuwa ameosha vyombo vyote, na amekaa palepale, ameinama.

Aliondoka kabla ya Jumapili, akisema kuna watu wanataka kumwona kuhusu kazi. Kanisani wamama wenzangu waliniuliza tumwombee nini. Nikasema apate kazi, wakainamisha vichwa. Sikuwaambia ni kazi gani. Ninaomba arudishwe kwenye televisheni, hata kwenye kituo kisichokuwepo, kwa sababu alikaa nyumbani kwangu karibu wiki nzima na sikumwona.