Mifupa ya Ukingoni

Mama yangu alikuwa mfinyanzi. Alitekwa upande wa Kabambare akiwa msichana, akaletwa Kasongo, na baba yangu, mwungwana mwenye kufanya biashara ya pembe, akamwoa. Udongo wake tuliuchimba kijitoni, nyuma ya mashamba ya mpunga.

Masika moja mvua ilibomoa ukingo wa kijito, likatokea jaa la kijiji cha kale: majivu, vigae, mifupa. Chini kabisa ilikuwa mifupa minene. Mama aliigeuzageuza akinitajia wenyewe: nyati, funo, mbega, na kidole cha tembo, kikubwa kama ngumi. Kadiri jicho lilivyopanda juu, mifupa ilizidi kuwa midogo. Karibu na majani palikuwa na ndezi, panya na kuku tu.

"Mbega haishi pasipo miti mirefu," mama alisema. "Hapa palikuwa pori. Watu walikata miti, nyama wakasogea. Halafu bunduki zikaja kumaliza waliobaki."

Siku zile baba alikuwa akifunga mizigo ya safari. Mama akamwekea ile mifupa barazani.

"Baba ya mutoto, angalia. Tembo haiko tena huku. Hata kule kwa Wamaza haiko. Utarudi na nini?"

Baba alicheka. "Inchi ni kubwa. Mutu wa safari harudi mikono mitupu."

Mama alielewa. Yeye mwenyewe aliletwa na safari ya namna hiyo.

Baba alirudi na pembe chache nyembamba, za tembo wachanga. Nyuma yake walifuata watu waliofungwa kamba shingoni. Mama alitoka na mtungi kuwanywesha. Mwanamke mmoja alipopokea kata, alishukuru kwa Kibangubangu, lugha ya kwao mama. Mama akamuuliza kwao ni wapi. Akataja kijiji cha mama.

"Nani amebaki?"

"Majivu ndiyo yamebaki."

Baba aliwatia mateka shambani. Ukingo ukasawazishwa, mifupa ikatupwa majini, mpunga ukapandwa juu ya lile jaa. Ulistawi kuliko mwingine wote, na wageni wakausifu wali wetu.

Mama hakuuonja. Alihamia jikoni, akalala na yule mwanamke mkeka mmoja, wakizungumza lugha ambayo hakuwahi kunifundisha. Chakula cha baba nikawa nakipeleka mimi.

"Mama yako anasemaje?" aliniuliza kila mara.

"Hasemi kitu, baba."

Akanawa mikono, akala.